Mdudu Gani? Swali Linalokosekana Dukani

Mama mkulima wa nyanya anaingia duka la pembejeo mjini Mwanza akiwa na jani alilolikunja ndani ya kipande cha gazeti. Analifunua juu ya kaunta. Jani lina mabaka meupe yaliyokauka, na ndani ya baka moja kiwavi mdogo kuliko punje ya mchele anajinyonganyonga. Muuzaji anatupa jicho mara moja, kisha anauliza: "Shamba eka ngapi, mama?" Nusu eka. "Pampu unayo?" Anayo. Chupa inashushwa kutoka rafu ya juu, maelekezo yanatolewa kwa kuhesabu vifuniko, noti zinapokelewa, na mteja anayefuata anasogea.

Yameulizwa maswali mawili. La tatu, ambalo lilipaswa kuyatangulia yote, halikumjia mtu kichwani: huyu ni mdudu gani?

Onyesho hilo hujirudia kila msimu, kuanzia Magu hadi Sengerema, na wahusika wake si watu wabaya. Muuzaji anataka kuuza, mkulima anataka kuokoa mtaji wake. Dawa zimejaa rafuni. Kinachokosekana Kanda ya Ziwa ni mtu wa kumtambua mdudu kabla kifuniko cha chupa hakijafunguliwa, pamoja na mahali panapojulikana pa kumpeleka. Utambuzi wa wadudu ni huduma ya umma, na Mwanza, yenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru mlangoni pake, ina haki ya kuidai kabla ya mikoa mingine.

Lile jani la nyanya lina hadithi ndefu. Yawezekana kabisa kiwavi yule ni yule ambaye wakulima wa Tanzania wamembatiza kantangaze. Nondo wake ni wa kijivu, na mbawa zake zikikunjuliwa zinafika sentimita moja kwa shida. Aliyempa jina la kisayansi ni Edward Meyrick, mwalimu wa shule wa Uingereza aliyewaeleza maelfu kwa maelfu ya nondo wadogo wa kila pembe ya dunia kwa kuwatazama mbawa kwa lenzi. Huyu alimwandika mwaka 1917, kutokana na nondo aliyepatikana Huancayo, kwenye milima ya Peru. Kwa miaka mingi wataalamu walimwita Tuta absoluta. Mwaka 2021 wakamhamishia jenasi ya Phthorimaea, akae pamoja na ndugu yake nondo wa viazi.

Mdudu huyo alikaa Amerika Kusini hadi mwaka 2006, alipoonekana Hispania. Miaka miwili baadaye alikuwa Morocco, Algeria na Tunisia. Akashuka kupitia Sudan na Ethiopia, akaingia Kenya, na mwaka 2014 akatambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Tanzania katika kijiji cha Ngabobo, wilaya ya Arumeru. Uganda ilimpata mwaka uliofuata. Nchi zote tatu zinazolizunguka Ziwa Victoria zikawa zimeguswa ndani ya muda mfupi, na jike mmoja wa nondo huyu anaweza kutaga mayai 260.

Lakini jani lenye michoro si lazima liwe la kantangaze. Ukiliinua kuelekea jua, kama mchoro ni mwembamba, umepindapinda kama njia ya konokono, huyo ni buu wa inzi mdogo wa majani, Liriomyza. Kama ni baka pana, kama dirisha lililobaki ngozi tupu ya juu na ya chini, na ndani yake kuna punje nyeusi za kinyesi, hapo ndipo umshuku nondo. Uchunguzi huo huchukua dakika moja na hauhitaji umeme. Inzi wa majani ana maadui wengi wa asili, nyigu wadogo wanaomtagia mayai mwilini, na dawa kali inayoua kila kitu shambani huwaua nyigu hao kwanza. Mkulima mwenye inzi akipiga dawa ya nondo anaweza kurudi baada ya wiki mbili akakuta inzi wameongezeka. Atasema dawa ni feki. Huenda haikuwa feki hata kidogo.

Na hata baada ya kujua kwamba ni nondo, kazi haijaisha, kwa sababu nondo wa viazi naye hutoboa majani ya nyanya na hufanana na kantangaze kiasi cha kumchanganya mtu wa kawaida.

Marekani inajua vizuri ugumu wa aina hii. Huko Florida, Texas na California, na kuvuka mpaka hadi Mexico, yupo nondo mdogo wa nyanya wa asili ya kule, Keiferia lycopersicella, aliyeelezwa na Lord Walsingham mwaka 1897. Ni ndugu wa karibu wa kantangaze, ana rangi ileile ya kijivu, anakula nyanya ileile. Marekani inamwogopa kantangaze na haitaki aingie. Kwa hiyo mtego ukinasa nondo wa kijivu karibu na shamba la nyanya au bandari, hakuna anayekimbilia pampu. Nondo hupelekwa maabara. Mtaalamu hukata tumbo lake, hulipasha moto ndani ya maji makali ya potasi hadi nyama laini iyeyuke, hulisafisha kwa brashi nyembamba kabisa, kisha huvitandaza viungo vya uzazi chini ya hadubini. Mbawa hufanana na husuguka zikapoteza rangi. Viungo vya uzazi vya dume hutofautiana kutoka spishi hadi spishi, na huko ndiko jibu hupatikana. Siku hizi hupima pia vinasaba, kwa njia ambayo Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, aliipendekeza mwaka 2003: kipande kifupi cha jeni moja, chenye herufi 658, hulinganishwa na hazina ya vipande vya spishi zinazojulikana.

Nchi yenye mashamba makubwa kuliko wilaya zetu inakubali kukaa mezani na nondo wa sentimita moja, ikimpasua tumbo, kabla haijaamua kama kuna hatari. Mkulima wa nusu eka ndiye anayeambiwa anyunyize kwanza.

Mgeni wa pili kutoka Amerika amewagharimu wakazi wa kandokando ya ziwa zaidi, kwa sababu alikwenda moja kwa moja kwenye ugali. Huyu ni kiwavijeshi vamizi. Jina lake la kisayansi, Spodoptera frugiperda, linatokana na kitabu kilichochapwa London mwaka 1797, ambamo James Edward Smith alieleza wadudu waliochorwa na John Abbot, mchoraji aliyeishi Georgia, kusini mwa Marekani. Kwa zaidi ya karne mbili alibaki mdudu wa Amerika, kaskazini na kusini. Mwanzoni mwa mwaka 2016 mahindi yalianza kuliwa vibaya Nigeria, Benin, Togo na São Tomé. Aliyetoa taarifa rasmi kwa ulimwengu ni Georg Goergen na wenzake, wa kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA nchini Benin, na chapisho lao likatoka Oktoba mwaka huohuo.

Iweje Benin? Kituo kile kina hifadhi kubwa ya wadudu waliokaushwa na kuandikwa majina, na kina mtu anayelipwa mshahara wa kuwatazama. Nondo mgeni alipoletwa mezani, kulikuwa na wa kumlinganisha naye, na vinasaba vikathibitisha. Bara zima likajulishwa kwa sababu nchi moja ndogo ilikuwa na kabati la wadudu na mwenye ufunguo wake.

Tanzania ilimpokea mwaka 2017, Rukwa ikiwa miongoni mwa mikoa ya kwanza. Wengi walidhani ni viwavijeshi wale wa siku zote. Kosa hilo linaeleweka, maana kila mzee wa Usukuma anawajua viwavijeshi wa Afrika: huja baada ya mvua za mwanzo, weusi wenye mistari, maelfu kwa maelfu, wakitembea kutoka shamba hadi shamba mchana kweupe, kisha ghafla hawapo. Wamejichimbia ardhini kuwa pupa, na nondo wao wakitoka huondoka na upepo kwenda mbali. Ukiwapiga dawa mapema, wakiwa wadogo na wako juu ya majani, unaokoa shamba. Ukichelewa, unanyunyizia udongo.

Mgeni wa Amerika ana tabia nyingine kabisa. Hana haraka ya kuondoka. Anataga, anazaliana, anataga tena hapohapo maadamu mahindi yapo, na kiwavi wake akishakua kidogo anazama kwenye moyo wa mhindi na kujifunika kwa kinyesi chake mwenyewe. Fungua moyo huo asubuhi, kabla jua halijapanda. Utakuta vumbi lenye unyevu, la rangi ya unga wa mbao, na chini yake kiwavi mmoja, mara nyingi peke yake kwa sababu wenzake kawala. Mtoe, mweke kiganjani, umgeuze kichwa kikutazame. Kuna mistari mitatu myeupe inayokutana na kufanya herufi Y iliyopinduliwa miguu juu. Sasa tazama karibu na mkia: madoa manne meusi, yamepangwa kwa pembe nne kama ya dadu. Ukiyaona yote mawili umempata, na hukuhitaji hadubini.

Hapo tofauti ya jina inageuka kuwa tofauti ya kazi ya asubuhi. Dawa iliyopigwa juu ya majani haimfikii kiwavi aliyejifunika ndani ya moyo wa mhindi. Kinachosaidia ni kupita shambani mahindi yakiwa machanga, kuponda mafungu ya mayai kwa vidole, kutia mchanga au majivu kwenye moyo wa mmea kama wanavyofanya wakulima wengi wa Afrika na Amerika ya Kati, na kama ni dawa basi ipigwe wakati viwavi ni wadogo, ikielekezwa pale walipo. Mwaka 2017 shirika la CABI lilikadiria kwamba nchi 12 za Afrika, Tanzania ikiwemo, zingeweza kupoteza kati ya tani milioni 8.3 na milioni 20.6 za mahindi kwa mwaka kama mdudu huyu angeachwa bila kudhibitiwa. Ng'ambo ya ziwa, katika kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kule Mbita, Kenya, watafiti walikuwa wamejenga kwa miaka mingi kilimo cha kuchanganya mahindi na desmodiamu, na majani ya malisho yakizunguka shamba. Matokeo ya mwaka 2018, kutoka mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania, yalionyesha viwavi vamizi wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwa kila mmea. Mbinu hiyo ilibuniwa dhidi ya viwavi wengine, wale wa mabua. Ilibidi kwanza mtu ajue ni mdudu gani anayehesabiwa ndipo ajue kama imemfaa na huyu mgeni.

Wapo watakaosema mitego ya harufu imemaliza tatizo: unaweka harufu ya jike, madume wanakuja, unahesabu. Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Nchini Togo mitego ya kiwavijeshi vamizi ilinasa pia nondo mwingine wa nyasi, Leucania loreyi, kwa wingi. Anayehesabu bila kuwatofautisha ataripoti mlipuko ambao haupo, na wilaya itaagiza dawa ya kupambana na takwimu.

Hata vinasaba vina mitego yake. Kule Amerika kiwavijeshi huyu ana makundi mawili yanayofanana sura kabisa, moja hupendelea mahindi na jingine mpunga na nyasi. Kwa mkoa kama Mwanza, wenye mabonde ya mpunga, hilo ni swali zito. Wanasayansi, Rod Nagoshi wa Florida akiwa mstari wa mbele, walipopima nondo wa Afrika walikuta wengi wana alama moja ya kundi la mpunga na nyingine ya kundi la mahindi ndani ya mwili mmoja. Ukipima alama moja tu ungewatangazia wakulima wa mpunga janga ambalo shambani kwao halionekani. Utambuzi ni ufundi wa watu. Mashine huwasaidia tu.

Wanaodhani haya ni mapambo ya kitaaluma wakumbuke muhogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kidung'ata mweupe wa muhogo, mdudu mdogo kama chembe ya unga, alijitokeza karibu na Kinshasa na Brazzaville na kuanza kusambaa kwenye ukanda wa muhogo wa Afrika. Kwa kuwa muhogo ulitoka Amerika Kusini, watafiti wakaenda huko kutafuta adui zake. Kaskazini mwa bara hilo walimkuta mdudu anayefanana naye, wakachukua maadui wake na kuwaleta. Hawakumgusa wa Afrika. Sababu ilikuja kujulikana baadaye: ni spishi mbili tofauti. Wa Afrika alikuwa amepewa jina Phenacoccus manihoti mwaka 1977 na Danièle Matile-Ferrero. Yule mwingine alitenganishwa mwaka 1981 na kuitwa Phenacoccus herreni. Mwaka huohuo mtafiti Tony Bellotti akampata wa kweli Paraguay, mbali kusini, na pamoja naye nyigu mdogo anayemla. Nyigu huyo alisambazwa katika nchi nyingi za Afrika, na Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo akapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Miaka ilipotea kwa sababu ya tofauti ambazo huonekana chini ya hadubini tu. Watu wa Ukerewe, ambao muhogo ni chakula chao cha kila siku, wana sababu ya kuwaheshimu watenganishaji wa wadudu hata kama hawajawahi kuwasikia.

Mwanza yenyewe haikuwa mgeni wa kazi hii. Ukiriguru, katika wilaya ya Misungwi, ilijengwa juu ya pamba. Aina za mbegu zenye herufi UK zilizolimwa Usukuma kwa miongo mingi zimebeba jina la kituo hicho. Na pamba ina funza. Mwaka 1965 W. Reed, aliyefanya kazi Ukiriguru, alichapisha utafiti mrefu kuhusu funza wa vitumba magharibi mwa Tanganyika: maisha yake, pupa wake ardhini, mazao anayohamia. Mwaka huohuo, upande wa pili wa dunia, David Hardwick wa Canada alitoa kitabu kilichowapanga upya nondo wa kundi hilo baada ya kuwapasua mmoja mmoja. Funza wa vitumba wa kwetu, ambaye mabwana shamba wa zamani walizoea kumwita wa Amerika, ikathibitika ni wa Afrika, Asia na Ulaya, na yule wa Amerika ni spishi nyingine. Wa kwetu alithibitishwa kufika Brazil mwaka 2013 tu, akala soya na pamba za watu.

Funza huyo bado yupo. Anakula pamba, anahamia mahindi, anahamia nyanya, na mpunga ukishavunwa anaingia kwenye dengu zinazopandwa kwa unyevu uliobaki. Mkulima mmoja anaweza kumpiga dawa mara nne kwa mwaka akidhani anapigana na wadudu wanne. Kwenye ncha ya gunzi hukaa palepale anapopenda kukaa kiwavijeshi vamizi, na wote wawili wanaweza kuwa wa kijani au kahawia. Ngozi ya funza wa vitumba ina vijimiba vidogo vinavyoonekana kwa lenzi, ya mwenzake ni laini. Tena kwa upande wa pamba nchi imewahi kuonyesha kwamba jina la nondo lina nguvu ya sheria. Kilimo cha pamba kimezuiwa kusini kwa miongo kadhaa kwa hofu ya funza mwekundu kutoka nchi jirani kupanda hadi Usukuma. Tasnia nzima imelindwa kwa uwezo wa kutofautisha funza mmoja na mwingine.

Sekta ya afya ilishapita njia hii. Wapo wengi kando ya ziwa wanaokumbuka enzi ambazo kila homa ilikuwa malaria na kila mgonjwa alitoka zahanati na vidonge. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa apimwe kabla ya kupewa dawa, na kipimo cha haraka kikashuka hadi vijijini. Leo muuguzi akitoa dawa ya malaria bila kupima, mgonjwa mwenyewe anahoji. Mkulima naye afikishwe hapo.

Gharama ya kutopima inajulikana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania ulikuta takribani theluthi moja yao wanachanganya viuatilifu, kwa kawaida hadi vitatu ndani ya pampu moja. Mtu anachanganya dawa tatu anapokuwa hajui anamuua nani. Kantangaze kwa upande wake ameshajenga usugu dhidi ya dawa nyingi katika nchi mbalimbali, na pampu za kunyunyizia huoshwa kwenye vijito vinavyoishia kwenye ziwa tunalonywa na kuvua sangara na sato.

Pingamizi kubwa ni muda. Mkulima hawezi kusubiri majibu kutoka Arusha, yalipo makao makuu ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, safari ya siku nzima kwa basi, wakati nyanya zake zinaliwa usiku huu. Pingamizi hilo ni la haki, lakini linadai huduma isogezwe karibu, halidai ifutwe. Wadudu wengi wanaoletwa madukani wanaweza kutambuliwa papo hapo na mtu aliyefundishwa kwa wiki moja na mwenye lenzi ya mkono. Wachache wagumu ndio wapelekwe maabara, na hao huwa na umuhimu kwa taifa kuliko kwa shamba moja, kwa sababu miongoni mwao ndimo anamojificha mgeni anayefuata.

Simu nazo zinasaidia. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania State kwa kushirikiana na FAO na IITA, inaangalia majani ya muhogo na mahindi kwa kamera bila kuhitaji intaneti, na inazungumza Kiswahili. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha wamefundisha kompyuta kutambua majeraha ya kantangaze kwenye majani ya nyanya. Ni kazi nzuri na iendelee. Ila kamera inatambua kile ilichofundishwa. Nondo ambaye hajawahi kufika Tanzania hayumo kwenye picha ilizosomeshwa, na itamwita kwa jina la anayefanana naye.

Ziwa lenyewe limeshawapa wakazi wake nusu ya vifaa. Wavuvi wa dagaa hufuata giza la mwezi, kwa sababu kwenye mbalamwezi taa haivuti samaki. Ukisimama kwenye mtumbwi wao, zamani na karabai na sasa na taa za jua, utaona kinachozunguka mwanga: inzi wa ziwani kwa mawingu, na katikati yao nondo wa kila saizi. Nondo nao huja zaidi kwenye giza. Hata mtandao wa kutabiri viwavijeshi Afrika Mashariki, uliosimamiwa kutoka Muguga nchini Kenya tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, ulitegemea mitego ya taa iliyotawanywa vituoni, na hesabu za kila usiku zikitumwa kwa mratibu. Taa zipo kila mwalo. Kinachohitajika ni chupa ya spiriti, kalamu, na mtu wa kupokea.

Mwaka 2022 Serikali iliwagawia maafisa ugani pikipiki na vifaa vya kupima afya ya udongo, na ilikuwa hatua nzuri. Kwenye mkoba uleule wa kupimia udongo kuna nafasi ya lenzi, chupa kumi za sampuli na kadi yenye picha za wadudu ishirini wa mahindi, nyanya, pamba, dengu na mpunga. Bodi ya Pamba, ambayo imekuwa ikisambaza viuadudu na pampu kupitia vyama vya msingi, iweke sharti kwamba katibu wa chama anayegawa dawa awe amepita mafunzo ya kuwatambua funza wanaolengwa. Mamlaka ya viuatilifu, inapotoa kibali cha duka, idai jambo hilohilo kwa muuzaji. Ukiriguru ifungue dirisha la kupokea wadudu, lenye saa za kazi na namba ya simu inayotangazwa redioni kwa Kiswahili na Kisukuma, na majibu yaende kwa ujumbe mfupi. Sampuli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, inaweza kupanda meli ya asubuhi na kuwa Misungwi siku hiyohiyo.

Na liajiriwe kabati, kama inaruhusiwa kusema hivyo: hifadhi ya wadudu wa Kanda ya Ziwa, waliobandikwa tarehe na kijiji, na angalau wataalamu wawili vijana wanaolipwa kwa kazi hiyo pekee, wanaojua kupasua tumbo la nondo. Wahitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine wapo mitaani wakiuza vocha.

Bunge la bajeti litakapofika kwenye fungu la Wizara ya Kilimo, wabunge wa Mwanza, Geita, Simiyu, Mara, Kagera na Shinyanga watasimama kama kawaida kuomba dawa zaidi na pampu zaidi. Safari hii waongeze maswali mawili: Ukiriguru imepokea sampuli ngapi za wadudu kutoka kwa wakulima msimu uliopita, na ni ngapi kati ya hizo zilirudi kwa wenyewe zikiwa na jina?